Pombe Tuliimwaga, Mnywaji Tulimwacha Wapi?

   

Nataka kukusimulia kisa ambacho kwa miaka mingi nilikuwa nikikitaja kwa kujisifu, na leo sijisifu nacho tena. Wakati ule nilikuwa kijana wa miaka kumi na tisa. Ilikuwa ni kumi la kwanza la Ramadhan, na baada ya tarawehe tukajikusanya vijana kumi na kitu tukaelekea uchochoro mmoja wa mtaa wetu palipokuwa pakiuzwa chang'aa. Hatukumpiga mtu, alhamdulillahi. Tulipiga takbir, tukaitoa mitungi nje, tukaimwaga yote mtaroni. Mama muuzaji alisimama mlangoni na mtoto mgongoni, hakusema neno. Sisi tukarudi msikitini vifua mbele, kama waliotoka Badr.

Kabla hata ya Idd, chang'aa ilikuwa inauzwa tena, nyumba ya tatu kutoka pale. Tofauti ni kwamba sasa mlango ulifungwa, bei ikapanda, na mali ikatolewa dirishani ndani ya chupa za soda. Waliokuwa wakitumwa kuileta ni watoto, kwa sababu mtoto hashukiwi. Mwaka uliofuata mmoja wa wanywaji, kijana niliyesoma naye madrasa, alikunywa kitu kikampofua macho. Hakuna aliyejua alikunywa wapi, wala nani alimuuzia.

Usiku ule wa ushujaa wetu, mzee mmoja alitungoja mlangoni mwa msikiti. Alituuliza swali moja tu: "Haya, pombe mumeimwaga. Na mnywaji mumemwacha wapi?" Tulimcheka. Leo bado nalitafutia jibu swali lake, na ndiyo sababu ya makala haya.

SWALI LENYEWE NI LIPI?

Hebu tuelewane mapema ili mtu asije akasema nimehalalisha haramu. Pombe ni haramu. Kamari ni haramu. Zinaa ni haramu. Hilo halina mjadala baina ya Waislamu, na mwandishi huyu hana nia ya kulifungulia mjadala.

Swali letu ni jengine. Je, serikali ikiupiga marufuku uovu moja kwa moja, uovu hupungua? Au hujificha, ukawa mbaya zaidi kuliko pale ulipokuwa unaonekana, una leseni, una saa zake na una mipaka? Wako wanaosema: funga kila kitu, tia ndani kila mtu. Wako wanaosema: ruhusu, toza kodi, mambo yaishe. Kila mmoja anajiona ana hoja ya wazi. Basi tuiulize historia.

MADINA: MOYO KWANZA, SHERIA BAADAYE

Tuanzie nyumbani, kwa Mtume (s.a.w.). Waarabu wa zama zile walikuwa wanywaji hasa. Pombe ilikuwa biashara yao, sherehe yao na ushairi wao. Mtume (s.a.w.) alikaa Makka miaka 13 akilingania, na katika miaka yote hiyo pombe haikuharamishwa.

Ilipofika Madina, jambo lilikuja kwa hatua. Kwanza ikateremka aya ya Suratul Baqara (2:219), walipouliza kuhusu ulevi na kamari. Jibu, kwa maana yake, lilikuwa kwamba vina dhambi kubwa na vina manufaa fulani kwa watu, ila dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Zingatia hapo, ndugu yangu. Qur'ani haikukataa kwamba kuna wanaofaidika. Ilipima, kisha ikaonyesha upande gani wa mizani ni mzito. Hatua ya pili ni katika Suratun Nisaa (4:43): watu wasiikaribie sala hali wamelewa. Sasa mwenye kusali mara tano kwa siku, atapata wapi nafasi ya kulewa? Hatua ya mwisho ni katika Suratul Maida (5:90-91), ambapo ulevi na kamari vilikatazwa kabisa, na sababu ikatajwa: shetani huvitumia kutia uadui na chuki baina ya watu na kuwazuia na kumkumbuka Allah na sala.

Nini kilifuata? Anas bin Malik (r.a.) amesimulia kwamba siku ile alikuwa akiwagawia watu kinywaji nyumbani kwa Abu Talha. Mpiga mbiu akapita akitangaza kwamba pombe imeharamishwa. Hapo hapo akaamrishwa aimwage, na pombe ikatiririka katika njia za Madina. Hakuna polisi aliyegonga mlango. Kila mtu aliimwaga ya kwake mwenyewe.

Bibi Aisha (r.a.) alikwisha kutueleza siri ya jambo hili. Kwa maana ya maneno yake yaliyopokewa na Bukhari, mwanzo ziliteremka sura zinazotaja Pepo na Moto, na watu walipokwisha kuthibiti katika Uislamu ndipo ikaja halali na haramu. Lau amri ya kwanza ingekuwa ni kuacha pombe, wangesema hatuachi abadan.

Jamani, huyu ni nani anayesema hivi? Ni mama wa waumini. Anatuambia kwamba amri ile ile, ya haki ile ile, ingekataliwa kama ingetangulia mbele ya nyoyo.

Na hata baada ya kuharamishwa walikuwepo walioteleza. Kuna sahaba mmoja aliyeletwa kwa Mtume (s.a.w.) kwa kosa la kunywa si mara moja. Aliadhibiwa, ndiyo. Lakini mtu alipomlaani, Mtume (s.a.w.) alikataza, akashuhudia kwamba mtu yule anampenda Allah na Mtume Wake. Sheria ilifuata mkondo wake, na mtu hakutupwa nje ya udugu.

ISTANBUL: SULTANI NA MOSHI WA TUMBAKU

Sasa turuke karne kadhaa twende kwa dola ya Kiislamu iliyokuwa na jeshi, majasusi na wanyongaji, tuone kama nguvu peke yake inatosha.

Mwaka 1633 moto mkubwa uliunguza sehemu ya mji wa Istanbul. Sultani Murad wa Nne wa Uthmaniya akazifunga nyumba za kahawa na kupiga marufuku tumbaku. Adhabu haikuwa faini. Ilikuwa ni kifo. Inasimuliwa kwamba sultani mwenyewe alikuwa akizunguka mjini akiwa amejibadilisha sura, akiwatafuta wavutaji. Watu wengi waliuawa, wakiwemo askari wake mwenyewe vitani.

Je, watu waliacha? Mwanachuoni wa zama zile, Katib Chelebi, ambaye wengine humwita Haji Khalifa, aliandika kitabu mwaka 1656 na humo akaieleza hali ile. Anasema kadiri sultani alivyozidisha ukali ndivyo watu walivyozidi kuvuta. Hata askari walificha viko vifupi katika mikono ya kanzu zao na kuvuta wakati wenzao wanauawa kwa kosa hilo hilo. Sultani alifariki mwaka 1640 akiwa bado kijana wa chini ya miaka 30. Na huyu huyu aliyewaua watu kwa tumbaku na kupiga marufuku mvinyo, wanahistoria wanamtaja kuwa yeye mwenyewe alikuwa mnywaji mkubwa! Miaka michache baada ya kifo chake, Sheikhul-Islam Bahai Efendi akatoa fatwa ya kuruhusu tumbaku. Kabla ya karne ile kuisha, dola ilikuwa inaitoza ushuru.

Katib Chelebi hakuipenda tumbaku. Aliandika juu ya madhara yake. Lakini ushauri wake kwa watawala ulikuwa waache kuwaandama watu, na badala yake biashara hiyo ipewe watu maalumu kwa mkataba, isimamiwe, na hazina ipate pato lake. Kwa hiyo, ndugu msomaji, mtu akikuambia kwamba suala la marufuku au udhibiti ni fikra za Wazungu wa juzi, mwambie Mwislamu wa Istanbul alishaliandikia kitabu zaidi ya miaka 350 iliyopita.

MAREKANI: MIAKA 13 YA UKAME

Mfano mkubwa kuliko yote wa marufuku katika dunia ya sasa ni Marekani. Huko vita dhidi ya pombe viliongozwa na makanisa na akina mama waliochoka kupigwa na waume walevi na kuona mshahara wa Ijumaa ukiishia kilabuni. Nia yao haikuwa mbaya hata kidogo. Walifanya kazi miaka mingi, na mwezi Januari 1919 wakafanikiwa kuitia marufuku ndani ya katiba yenyewe. Ilianza kutumika tarehe 17 Januari 1920. Kutengeneza, kuuza na kusafirisha pombe kukawa ni kosa.

Tuwe waadilifu: mwanzoni unywaji ulishuka kweli. Wachumi waliokuja kupima baadaye wanakadiria ulishuka mpaka kama theluthi moja ya ulivyokuwa, na vifo vya maradhi ya ini vilipungua. Anayesema marufuku ile haikuzuia chochote hasemi ukweli.

Lakini mambo yalianza kugeuka. Wachumi hao hao wanakadiria kwamba miaka ilivyosonga unywaji ulipanda tena mpaka kama theluthi mbili ya ule wa zamani. Na safari hii pombe yenyewe ilikuwa nyengine. Fikiria wewe ni mtu wa magendo. Bia ni maji mengi na ulevi kidogo. Inahitaji mapipa na malori. Pombe kali inaingia ndani ya koti. Ukikamatwa, kosa ni lile lile. Utabeba ipi? Hivyo marufuku ikawasukuma watu kutoka kinywaji chepesi kwenda kikali.

Kisha ikaja sumu. Wauzaji walichukua spiriti ya viwandani, ambayo serikali ilikuwa imeamrisha itiwe sumu makusudi ili isinyweke, wakajaribu kuisafisha na kuwauzia watu. Serikali nayo ikaongeza sumu. Wakati wa Krismasi ya 1926, mjini New York, watu kadhaa walikufa kwa kuinywa, na daktari mkuu wa uchunguzi wa vifo wa mji ule, Charles Norris, akailaumu serikali waziwazi. Mwaka 1930 maelfu ya watu, wengi wao maskini, walipooza miguu kwa kunywa dawa ya tangawizi yenye ulevi iliyochanganywa na kemikali. Matajiri? Wao walikuwa na whisky safi iliyovushwa kutoka Canada.

Juu ya hayo kukawa na magenge. Al Capone wa Chicago alitajirika kwa pombe, akawalipa polisi na wanasiasa. Alipofungwa mwaka 1931 hakufungwa kwa pombe wala kwa mauaji. Alifungwa kwa kukwepa kodi! Tarehe 5 Desemba 1933 marufuku ikafutwa. Mpaka leo hayo ndiyo marekebisho pekee ya katiba ya Marekani yaliyowahi kufutwa.

Linganisha sasa na Madina. Pale, watu wenyewe walimwaga. Hapa, wako walioiunga mkono sheria na wako ambao hawakuiamini hata siku moja, na baadhi ya walioiunga mkono walikuwa na chupa zao kabatini.

KENYA: KUMI KUMI

Tukija kwetu, pombe kali ya kienyeji ilikuwa marufuku tangu siku za mkoloni. Sababu yake haikuwa dini wala huruma. Na tusidhani haya ni mambo ya wengine tu. Wanubi wa Kibera ni ndugu zetu katika Uislamu. Mababu zao walitumika jeshini kwa Mwingereza, wakapewa mahali pa kukaa bila ya hati za ardhi, na katika ufukara ule wako akina mama waliolea watoto kwa kupika jini. Mwenye njaa hasomi gazeti la serikali.

Mwaka 1980 Kenya ilipitisha sheria maalumu ya kupiga marufuku chang'aa. Ilikaa miaka 30. Wewe ulizaliwa wapi? Mtaani kwenu chang'aa ilikosekana hata wiki moja katika miaka hiyo? Wakubwa waulize. Ilichofanya sheria ile ni kumpa kila mwenye sare kisima cha kuchotea kitu kidogo. Mpishi alitoa hongo Jumatatu, akakamatwa Jumatano akiwa amekwama kutoa, akapika mara mbili Alhamisi ili afidie faini.

Na kwa kuwa kila kitu kilifanyika gizani, hakuna aliyekagua kilichotiwa ndani ya mtungi. Methanoli ni spiriti ya viwandani. Kwa macho na kwa harufu ni vigumu kuitofautisha na pombe ya kawaida, lakini ikiingia mwilini ini huigeuza kuwa asidi inayoshambulia mshipa wa macho. Kiasi kidogo tu hupofua. Kikizidi, huua. Mwezi Novemba 2000, katika mitaa ya Mukuru, Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa kwa kunywa kilichoitwa kumi kumi, kwa sababu glasi ilikuwa shilingi kumi. Wengine wakapofuka. Mwaka 2005 ikawa zamu ya Machakos, na watu wapatao 50 wakafa.

Niliposoma habari hizo nilimkumbuka yule mwenzangu wa madrasa. Nikakumbuka dirisha lile na zile chupa za soda.

JE, LESENI NI DAWA?

Mpaka hapa mtu anaweza kusema: basi, tumepata jibu, ruhusuni mambo yaishe. Subiri kwanza.

Mwaka 2010 Kenya ilibadilisha njia. Sheria mpya ya udhibiti wa pombe, ambayo wengi waliiita Sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeileta, iliifuta ile marufuku ya chang'aa. Pombe ya kienyeji ikaruhusiwa kwa leseni na kwa chupa, saa za baa zikapunguzwa, vijana wa chini ya miaka 18 wakazuiwa, baa zikatakiwa ziwe mbali na shule. Kwenye karatasi, ni sheria nzuri.

Lakini mwezi Mei 2014 watu zaidi ya 80 walikufa katika kaunti kadhaa, na safari hii wengi walikunywa vinywaji vya chupani, vyenye lebo. Mwezi Februari 2024 watu 17 wakafa katika kijiji kimoja cha Kirinyaga. Pombe yenyewe, kwa ilivyoripotiwa, ilikuwa imeshakamatwa na polisi ikahifadhiwa kituoni kama ushahidi, kisha ikatoka tena ikauzwa! Kumbe leseni mikononi mwa mla hongo ni karatasi tu, kama ilivyokuwa marufuku mikononi mwa mla hongo.

Kuna hatari nyengine ambayo wapenda leseni hawaisemi. Itazame kamari. Nchini Kenya kamari ilikuwa na sheria na leseni tangu mwaka 1966. Haikujificha. Ilipoingia ndani ya simu, leseni ile ile ikawa mlango wa mafuriko: matangazo redioni asubuhi na jioni, kwenye jezi za mpira, kwenye mabango ya barabarani. Kijana akacheza karo ya chuo, mwengine akacheza pesa za mtaji aliopewa na mamake. Wote kisheria, wote kwa leseni. Serikali inapopata kodi kwa kila anayeangamia, haioni haraka ya kumzuia asiangamie. Kuruhusu na kudhibiti ni mambo mawili, na mara nyingi tumeuziwa la kwanza kwa jina la pili.

Ikiwa unataka kuona udhibiti wa kweli, tazama sigara. Sheria ya mwaka 2007 haikuipiga marufuku. Ilizuia matangazo, ikamtoa mvutaji katika matatu, ofisini na hotelini, ikaweka onyo kwenye pakiti. Wale wa rika langu tunakumbuka jinsi basi la Mombasa kwenda Nairobi lilivyokuwa likijaa moshi usiku kucha. Leo mtu akiwasha sigara ndani ya basi, abiria wenyewe watamshusha. Sheria ilikuja pamoja na watu kuelewa, na ndiyo maana imeshika.

MIZANI YA WANAVYUONI

Sasa turudi kwa wanavyuoni wetu, maana wao walishaipanga mizani hii. Ibnul Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, ameeleza kwamba kukataza maovu kuna matokeo manne. La kwanza, uovu uondoke na wema ushike nafasi yake. La pili, upungue hata kama haukwisha. Haya mawili, asema, ni katika sheria. La tatu, uondoke uje mwengine mfano wake. Hapo ni pa kujitahidi na kufikiri. La nne, uondoke uje ulio mbaya zaidi. Hili la nne ni haramu kulifanya.

Kisha akamnukuu mwalimu wake, Ibn Taymiyya. Katika zama ambazo Watatari waliishambulia Damascus, alipita na wenzake mahali palipokuwa na Watatari wakinywa pombe. Mmoja wa wenzake akataka kuwakemea. Ibn Taymiyya akamzuia. Kwa maana ya maneno yake, Allah ameharamisha pombe kwa sababu inazuia kumkumbuka Yeye na sala, lakini hawa inawazuia na kuua watu na kupora mali, basi waacheni.

Huyu si mtu anayejulikana kwa kulegeza dini! Mwenye kumtaja Ibn Taymiyya mimbarini amtaje na hapa.

Tena mafuqaha wetu walijua kwamba dola ina watu wa dini nyengine. Yahudi na Mkristo chini ya utawala wa Kiislamu hawakuvunjiwa vyombo vyao vya mvinyo majumbani. Katika madhehebu ya Hanafi, Mwislamu aliyeumwaga mvinyo wa mmoja wao alitakiwa kuulipa. Na wanavyuoni walioandika kuhusu kazi ya muhtasibu walimkataza kuchungulia ndani ya nyumba za watu kutafuta maovu yaliyofichika. Basi ikiwa hayo yalikuwa kwenye dola ya Kiislamu, sisi tulio wachache katika nchi yenye katiba na dini nyingi tunaitaka serikali ifanye lipi?

TUFANYE NINI?

Nimetoa rai yangu baada ya kusoma na kukosea. Ukiona nimepotea, nirekebishe.

Marufuku hufaa pale ambapo nyoyo za watu wenyewe zimeshatangulia. Ikitangulia sheria, uovu huhamia gizani, na gizani maskini ndiye hufa. Leseni nayo hufaa pale tu inapobana, inapokagua na inapokataa matangazo. Ikigeuka karamu, ni bora isingekuwepo. Kwa hiyo nikiulizwa leo kama tukaandamane kuvunja kibanda cha chang'aa, nitasema la. Nikiulizwa kama tukae kimya baa ikifunguliwa mkabala na madrasa, nitasema la vile vile. Twende kwenye kikao cha leseni na majina ya wazazi, tudai sheria iliyopo ifuatwe. Tudai matangazo ya kamari yaondoke redioni. Tuulize methanoli inatoka ghala gani mpaka inafika mtunguni. Hayo yote yanawezekana bila ya kupiga takbir mlangoni mwa mtu usiku.

Na kuna jambo ambalo hakuna sheria itakayotufanyia. Yule mama muuzaji, kabla hatujamwaga mitungi yake, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza watoto wake wanakula nini. Zaka ya mtaa wetu ilipita mlangoni kwake kila mwaka. Na mwenzangu yule wa madrasa, tulijua kwamba anakunywa. Tulikuwa tukimpita kibarazani bila ya salamu, tukidhani tunaikemea pombe.

Bado yu hai. Huja msikitini akishikwa mkono na mpwawe. Ramadhan iliyopita nilikaa karibu naye wakati wa futari nikamsogezea tende. Alinitambua kwa sauti, akacheka, akaniambia: "Wewe si ndiwe wa takbir?" Nikamwambia ndiye mimi, na nikamwomba msamaha. Akasema amesamehe zamani, ila aliniuliza mbona nilichelewa vile kuja kukaa naye.

Mwezi huu bado una siku. Unamjua wa mtaani kwako aliye katika hali ile. Usingoje bunge likutane. Mwalike futari.

Allah (s.w.t.) atuongoze sisi na vijana wetu, awaponye walionaswa, na atupe hekima katika kuamrisha mema na kukataza maovu. Wabillahi tawfiq. Wassalaam aleykum warahmatullahi wabarakatuh.